Shikamoo ya Mpangaji wa Nzuguni

Karani aliyepanga kwa Mama Violeth, Nzuguni, alikuwa na sauti ya kuomba radhi. Hata paka akimpisha mlangoni alimshukuru. Jioni moja mama akasoma kwenye jukwaa la mtandaoni habari ya wakubwa walioiba fedha za kisima kilichozinduliwa bila maji. Mwandishi hakujitaja jina, ila alianza kama karani anavyobisha hodi kila asubuhi: “Shikamooni wakubwa zangu, samahani kwa usumbufu.”

Mama akamfuata karani chumbani. “Baba, polisi wanamsaka mwandishi huyu. Wakikukamata humu, jina la marehemu mume wangu litachafuka. Futa hiyo shikamoo.”

Vidole vyembamba vya karani vikasita juu ya simu. “Niwaite wezi bila kuwaamkia, mama? Watasema nyumba hii haina malezi.”

Mama akaketi kitandani.

“Basi iache. Tukikamatwa, tukamatwe na adabu zetu.”