Viti vya Majirani

Mama amezeeka na husahau sana, nami ndiye ninayemwogesha na kumlisha. Niliomba msaada wa wazee kwenye ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, hapa Gashoho. Wakasema mtu wao atakuja kuona hali yetu.

Kule Tanzania nilikokulia, mgeni akitarajiwa, Mama alitutuma kuazima viti kwa majirani. Tulivibeba kichwani tukiimba. Basi nami, mjinga, nikaazima makochi, redio, hata mapazia. Nyumba ikapendeza kama zamani.

Mtu wa komini akatazama huku na huku, akafunga daftari. "Bon, dada. Hapa muko vizuri."

Mama akamwinamia, akamwambia kwa upole: "Karibu, mwanangu. Hata mimi mgeni hapa. Wenye nyumba sijawaona bado."