Miwani ya Meja na Jicho la Fundi Wekesa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa. Nilifika wodi ya macho na gauni jeupe lililopigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe, lakini Sista Mkuu, mama mnene aliyesimamia wauguzi wote wa wodi ile, hakuliangalia. Aliniangalia machoni, akaniuliza asubuhi ile nimejifuta uso kwa taulo la nani. Nikamjibu kuwa la nyumbani. Kwetu, kota za polisi Nsambya mjini Kampala, tulikuwa watoto wengi na taulo moja lililotundikwa nyuma ya mlango, na aliyeamka wa kwanza ndiye aliyelikuta kavu. Sista Mkuu akaniambia nirudi nyumbani nikatafute taulo langu peke yangu, ndipo nije kugusa macho ya watu.

Nilirudi nikilia kwa hasira. Baba yangu, koplo wa polisi aliyetoka Arua, alisema yule mwanamke ana maringo. Mama alichukua shuka kuukuu, akalikata vipande, akampa kila mtoto chake. Ugonjwa wa macho mekundu, ambao kila msimu ulituzunguka mmoja baada ya mwingine, mwaka ule ulimshika mdogo wetu mmoja tu ukaishia hapo. Tangu siku hizo nikampenda Sista Mkuu, ingawa sikumwambia.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo, wenye mashine zinazopiga picha hadi nyuma ya jicho. Sisi tulikuwa na tochi, lenzi ya mkononi, ubao wa herufi ukutani na mikono iliyooshwa kwa sabuni, sabuni ilipokuwepo. Sehemu kubwa ya kazi yetu haikuwa dawa, ilikuwa ubishi. Nilibishana na akina mama waliowakamulia watoto maziwa ya titi machoni, na wazee waliotia maji ya majani, na wasichana walioazimana kijiti cha wanja. Kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la dawa nilisimama mbele ya mabenchi nikayasema yale yale. Kitu kikiingia jichoni usifikiche, osha kwa maji safi mengi. Mtoto nawishwe uso kila siku ili nzi wasipate cha kula pale. Kuleni mchicha wa doodo na papai, na maini mkiyapata. Taulo ni la mtu mmoja. Watu walicheka wakaniita Musawo Taulo, yaani Mganga wa Taulo, na jina hilo sikulikataa.

Jambo jingine alilonifundisha Sista Mkuu lilihusu dawa ya ganzi. Hilo ni tone linalofisha maumivu ya konea, yaani kile kioo chembamba kilichokaa mbele ya mboni. Tulilitumia tukitaka kutoa kichuma au kipande cha jiwe kilichonasa. Tone likiingia, mtu aliyekuwa akipiga kelele hunyamaza, halafu huomba chupa aende nayo nyumbani.

“Chupa hii haitoki chumbani,” aliniambia Sista Mkuu. “Akilia, alie. Akikutukana, atukane. Konea ikitiwa ganzi kila saa haiponi. Inaoza, na mwenyewe hasikii.”

Baadaye nilihamishiwa zahanati moja Old Kampala. Wanajeshi walikuwa wamekwisha kuichukua nchi. Daktari wa macho tuliyemtegemea aliondoka kimya kimya. Mhindi wa mtaa wa chini yetu, aliyewasagia wagonjwa wetu lenzi kwa bei ya huruma, aliamriwa kuondoka pamoja na wenzake wote, na duka lake likapewa mtu aliyeuza humo sukari, siku sukari ilipopatikana. Miwani ya kusomea ikawa kitu cha kurithi. Mkuu wangu wa pale alikuwa Mganga Msimamizi, mtu mwema aliyekuwa na hofu kila saa, na sikumlaumu, maana kaka yake alichukuliwa na hakurudi. Alituambia tufanye kazi na tufunge midomo. Mimi nilishika nusu ya agizo lake.

Wagonjwa wangu wengi walipanda mlima kutoka Kisenyi, kwenye magereji, na wengi wao walikuwa wachomeleaji wa vyuma. Moto wa kuchomelea huunguza konea vile jua linavyounguza ngozi. Hauumi papo hapo. Mtu humaliza kazi, hula chakula chake, na baada ya saa kadhaa anahisi macho yamejaa mchanga, machozi yanatiririka, hawezi hata kutazama taa. Kinga yake ni barakoa ya kuchomelea, ngao ya uso yenye dirisha la kioo cheusi sana, cheusi hata mchana mtu akikivaa haoni mkono wake mwenyewe. Vioo hivyo vilikuwa vikiletwa na wenye maduka waliofukuzwa. Vya zamani vilipopasuka, havikuja vingine.

Fundi Wekesa alikuwa Mkenya wa Bungoma, mpole, fundi wa mageti na vitanda. Jicho la kushoto lilikuwa limeharibiwa na kipande cha chuma zamani, kabla sijamfahamu. Alifanya kazi katika gereji iliyogawiwa Meja mmoja wa jeshi. Meja huyo alikuwa mtu wa kwetu, wa upande wa Arua, tena aliwahi kula nyumbani kwa baba. Alipenda miwani myeusi. Siku zile miwani myeusi ilikuwa kama sehemu ya sare. Ukimwona mtu ameivaa mchana na ndani ya nyumba, ulitazama chini ukapita. Nilimwogopa Meja kama kila mtu.

Wekesa alikuja na jicho lake moja jekundu, limevimba, na haikuwa mara ya kwanza. Nikamwuliza barakoa iko wapi. Akasema kioo kimepasuka, lakini sasa hana shida, Meja amemwonea huruma. Akatoa mfukoni kitambaa, akakifungua polepole. Ndani mlikuwa na miwani ya jua ya Meja mwenyewe, ya fremu ya dhahabu. Akaniambia kwa fahari kwamba akiivaa moto haumsumbui tena, anaweza kuutazama toka asubuhi mpaka jioni.

Miwani ya jua hupunguza mwanga kidogo tu, na mwale wa kuchomelea hupita juu yake na pembeni. Ubaya zaidi ni kwamba humpa mtu raha, naye huutazama moto muda mrefu kuliko ambavyo angethubutu kwa macho matupu. Huruma ya Meja ilikuwa inamalizia jicho la mwisho la Wekesa. Nilimwambia akae nyumbani, asirudi mpaka apate kioo halisi.

“Sista, nikikaa nyumbani Meja atasema nahujumu kazi,” akasema. “Na mtu akisemwa hivyo, unajua anaenda wapi.”

Nilimwambia nitakwenda kusema na Meja mwenyewe. Mganga Msimamizi alikuwa mlangoni, akasikia, akageuka akaniambia kwamba yeye hakuniona nikitoka.

Kesho yake asubuhi nilishuka Kisenyi. Meja alikuwa gerejini, amevaa miwani nyingine, na Wekesa amesimama pembeni amefunika jicho kwa leso.

“Dada, nasikia wewe nafunga kazi ya mimi,” alisema Meja.

“Sifungi kazi, afande. Nataka kioo cha kuchomelea. Bila kioo, huyu atapofuka.”

“Mimi nilimupa miwani. Miwani ya kutoka Ulaya. Nani mwingine nampa?”

“Ile ni miwani ya jua, afande, kama hiyo uliyovaa. Haizuii moto huu hata kidogo.”

Nyundo zilinyamaza. Hakuna aliyezoea kumsikia Meja akiambiwa kitu chake hakifai, na mbele ya watu. Alicheka. Akasema kijiti kidogo vile cha kuchomelea hakiwezi kushinda miwani yake. Hapo hasira zikanipanda, nikasema lile ambalo mpaka leo watu wananiuliza juu yake.

“Basi baki nayo usoni, afande. Kaa pale anapokaa Wekesa, utazame mpaka geti hili liishe. Lakini nakwambia mbele ya hawa wote, jioni macho yako yatakuwa kama yametiwa mchanga na pilipili. Mimi ningekuwa wewe, nisingekaa.”

Nikamwonya tena. Ndipo akaitisha kiti. Barakoa nzima ilibaki moja pale, ya nyapara wa mafundi, naye akaamriwa aivae achomelee. Sisi wengine tuligeuza migongo. Meja alikaa akautazama moto kama mtu anayetazama mpira, mpaka geti likaisha. Aliinuka, akavua miwani, akanitolea macho.

“Umeona? Macho yangu iko sawa. Kesho huyu narudi kazini, na wewe utajibu.”

Nilipanda mlima nikarudi zahanati. Nikachemsha maji, nikatayarisha pamba, vidonge vya maumivu na ile chupa ya ganzi. Halafu nikakaa kuwahudumia wagonjwa, na kila gari lililopita barabarani nililisikia.

Jua lilikuwa halijatua gari la jeshi lilipokuja. Askari kijana, Muganda, alishuka akasimama mlangoni. “Musawo, afande nakuita. Twende, tafadhari.” Wagonjwa wote walitazama sakafu. Wakati ule mtu akiingizwa katika gari la namna ile, jamaa zake walianza kutafuta maiti mitoni. Mama mmoja aliyekuja na mtoto mwenye macho mekundu aliangua kilio. Mganga Msimamizi alitoka chumbani kwake, akanibebea mkoba wangu mpaka kwenye gari mbele ya yule askari. Mimi sitakubali mtu aniambie kwamba hakuwa jasiri siku hiyo.

Nilimkuta Meja kitandani, taulo usoni, analia kwa sauti. Bastola ilikuwa juu ya meza ndogo kando ya mto. Niliosha mikono. Swali langu la kwanza lilikuwa taulo hilo ni la nani. Mkewe akasema ni la watoto. Nikaliondoa, nikaagiza vitambaa safi na mapazia yafungwe. Nilimtia tone moja moja la ganzi ili niweze kufungua kope nitazame. Mara akanyamaza, akakaa wima, akaushika mkono wangu wenye chupa.

“Hii dawa iache hapa.”

“Hapana, afande.”

Mkono wake mwingine ulipapasa mezani mpaka ukaipata bastola. “Wewe najua mimi ni nani?”

“Najua. Wewe ni mgonjwa. Nikikuachia chupa hii utalala leo, halafu konea itaoza na utapofuka macho yote mawili. Wekesa ana moja. Yeye ndiye atakayekuongoza njia.”

Niliitia chupa kifuani, ndani ya gauni, nikavuta kiti nikakaa nimekunja mikono. Nilikuwa na hofu, lakini nilikuwa na hasira zaidi. Ganzi ilipokwisha alinitukana kwa Kiswahili cha kambini, kisha kwa lugha ya kwetu, kisha akamtaja baba yangu. Nikamwekea kitambaa cha maji baridi. Nikampa vidonge. Kila alipoinua mkono kufikicha nikaushusha, kama wa mtoto. Mwishowe akaacha matusi, akabaki anapumua kwa nguvu.

“Wekesa nasikia hivi?” akauliza.

“Kila mara, afande. Na kesho yake anarudi kazini kwako.”

Asubuhi konea ilikuwa imeanza kupona, kama zinavyopona zikiachwa zipumzike, na akaweza kufungua macho kidogo. Hakunishukuru. Alimwambia dereva anirudishe. Wiki haijaisha, sanduku la vioo vyeusi vya kuchomelea lililetwa gerejini. Vilitoka wapi sijui, na siku zile mtu hakuuliza. Wekesa alikaa nyumbani mpaka siku hiyo, na hakuna aliyemgusa.

Msidhani nilimgeuza Meja akawa mtu mwema. Yaliyofanywa na watu wa aina yake nayakumbuka, na sanduku la vioo halikumrudisha kaka wa Mganga Msimamizi. Serikali ile ilipoanguka Meja alikimbia, na sikuuliza alikokwenda. Wauguzi wenzangu wengine wamenilaumu wakisema muuguzi hamwachi mtu aungue. Nilimwonya mbele ya mashahidi, akachagua kiburi. Wekesa hakupewa nafasi ya kuchagua chochote. Sijuti, na msisubiri nijute.

Nilipostaafu, Fundi Wekesa ndiye aliyenichomelea madirisha ya nyumba yangu, akakataa malipo. Alikuwa mzee, na lile jicho moja bado lilinitambua kutoka ng’ambo ya barabara, ananipungia mkono kabla mimi sijamwona. Siku ya kukabidhi kazi alinipa ile miwani ya fremu ya dhahabu aliyopewa na Meja. Nimeiweka kabatini. Sijaivaa hata siku moja.

Bado napita Kisenyi, na bado naona vijana wanachomelea kando ya barabara wamevaa miwani ya jua. Huwa nasimama kati yao na geti lao mpaka wazime. Wiki iliyopita kijana mmoja alinisihi kama bibi yake, “Jajja, ondoka, bosi atanifukuza. Wewe humwogopi bosi?”

Nikamwuliza kama bosi wake ana bastola. Akasema hapana.

“Basi zima mashine,” nikamwambia.