Mkasi wa Kwenye Kona

Kibanda cha Mama Mkasi, fundi cherehani, kilikuwa kwenye kona mbaya ya barabara, ile isiyoshiba pikipiki. Akisikia kishindo aliacha kazi, akakimbia na mkasi na vitambaa. Hakuwa muuguzi wala jamaa ya mtu. Alijua tu kufumua nguo ya majeruhi kwa kufuata mshono na kufunga penye damu. Baadaye aliifua nguo ile, akaishona upya na kumpelekea mwenyewe hospitalini.

"Akipona atavaa nini?" alikuwa akisema.

Mpaka siku alipomwokoa bwana mmoja mwenye gari. Yule bwana alipozinduka hakuuliza nani kamfunga kidonda. Aliuliza simu yake iko wapi, na nani alipitisha mkasi mifukoni mwake. Mama Mkasi akalala mahabusu. Simu ikaja kuonekana chini ya kiti cha gari, na pole hakupewa. Shukrani ya punda ni mateke. Majirani nao, mabingwa wa kutazama ajali mikono nyuma, wakasema kimbelembele kimemponza.

"Mama, inatosha," mumewe alimwambia. "Usimguse tena mtu bila shahidi."

"Nimekusikia, baba."

Kishindo kilichofuata kilikuwa cha kijana wa pikipiki, paja limechanika. Mama Mkasi alifika wa kwanza, akapiga magoti, na mkasi ukasita juu ya mfuko.

"Jamani, njooni hata wawili," aliwaita watu. "Mtazame mifuko yake kabla sijakata."

Watu wakatazamana. Mahabusu waliijua ilivyo, na ushahidi hakuna aliyeutaka. Akaita tena, akabembeleza, akatukana. Mwishowe alikata hovyo, katikati ya kitambaa, lakini damu ilikuwa imekwisha kumwagika, haitoki tena kwa nguvu. Kijana hakufika hospitalini.

Baada ya maziko mama yake alikuja kibandani na kifurushi, akamshika Mama Mkasi mikono yote miwili.

"Wameniambia wewe ndiye uliyepiga magoti, dada. Wengine walisimama tu. Mungu akulipe." Akafungua kifurushi: suruali ya marehemu. "Na wameniambia huwa unazishona. Mdogo wake ataivaa."

Mama Mkasi akaipokea ile suruali. Mgeni alipoondoka aliitandaza mezani, akaingiza mkono mifukoni, mmoja baada ya mwingine, kama fundi yeyote kabla ya kushona.

Yote ilikuwa mitupu.