Marehemu Anord na Orodha ya Saa Mbili na Dakika Tano

Anord tulimzika Jumamosi kule Rangwi. Jumatatu, saa mbili na dakika tano asubuhi, akafanya kazi.

Acheni kucheka. Niliona kwa macho yangu.

Ilikuwa 2009, kwenye chama kimoja cha wakulima wa mboga, Lushoto mjini. Anord alikuwa fundi wa kompyuta, mimi msaidizi wake. Akapata ajali ya pikipiki Mazinde, nikarithi kiti.

Chama kilikuwa na seva, kompyuta kuu ya ofisi. Ofisi nzima ilifungua humo orodha moja: nani analeta kabichi, nani karoti, lori linapanda wapi. Juu yake, hata baada ya maziko, kila asubuhi pakaandikwa: "Imebadilishwa leo na Anord."

Salama wa mapokezi akagoma kugusa kompyuta. Wengine wakarudi kwenye madaftari. Lori likapanda Kwai siku ambayo si yake, kabichi za watu zikaoza.

Nikaichungulia seva, nikachoka. Kumbe marehemu alifanya uvivu wetu mafundi. Zile huduma zinazojiendesha zenyewe hakuzifungulia akaunti yao, alizipa ya kwake. Orodha ilikuwa inajisasisha na kuandika jina lake. Paswedi nayo aliibandika kwa selotepu ubavuni mwa seva.

Bosi wetu, mzee Ismaili, alinisikiliza bila kuinua uso.

"Litoe hilo jina," akasema. "Ila akaunti yake usiifute mpaka arobaini ipite."

Ijumaa nikahamisha huduma moja moja kwenye akaunti mpya niliyoiita Huduma. Jumatatu orodha ikasema imebadilishwa na Huduma. Salama akarudi kazini kwake, nami nikajiona mtaalamu.

Saa nne akaingia Mama Beatha, mama yake Anord, anayeleta viazi kila Jumatatu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasogelea kompyuta yangu. Hajui kusoma. Kumbe wiki iliyopita Omari wa mizani alimsomea.

"Nisomee, mwanangu. Ameingia?"

Mimi na ujuaji wangu nikamweleza yote, akaunti ya zamani, akaunti mpya. Aliniacha nimalize.

"Basi amekufa Ijumaa," akasema.

Akatoka. Viazi vyake hata hakusubiri vipimwe.

Nililia chooni, sifichi.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili na dakika tano, nikaingia kwa akaunti ya Anord. Nikafungua orodha ya mvua, ambayo pale ofisini haisomwi na mtu, nikaongeza nukta moja, nikahifadhi. Mama Beatha alipokuja nikamsomea jina la mwanawe. Akakiwekea kioo kiganja, akakaa hivyo kwa muda.

Nikawa nafanya hivyo kila Jumatatu. Sikumwambia mtu.

Jumatatu ya tatu homa ikanilaza nyumbani. Mchana nikampigia Omari, roho juu, nikamwuliza kama Mama Beatha amefika. Akasema amefika na ameshasomewa. Jina lipo, saa mbili na dakika tano.

Mimi nilikuwa kitandani tangu jana yake.

Nilipopona, kitu cha kwanza nikafungua kumbukumbu za seva kuona akaunti ya Anord ilifunguliwa kwenye kompyuta gani.

Ya mzee Ismaili.

Nikamfuata ofisini, nikafunga mlango. Hakukana. Alisema siku ile ya kwanza alimwona yule mama dirishani akiondoka, akamwuliza Omari kulikoni, ndipo akajua umuhimu wa lile jina. Jumatatu iliyofuata akalikuta kwenye orodha ya mvua, na tangu hapo kila Jumatatu alikuwa anaifungua kuhakikisha lipo. Siku zote alikuta nimemtangulia, isipokuwa hiyo moja.

Nikamwuliza kwa nini basi aliniagiza nilitoe.

"Mazinde nilimtuma mimi, Latifa," akasema. "Haikuwa hata zamu yake. Kila nikifungua kompyuta, jina lake linaniangalia."

Arobaini ilipita. Akaunti hatukuifuta. Tuliifuta 2013, wiki tuliyomzika Mama Beatha, na mzee Ismaili ndiye aliyebonyeza.

Mafundi wenzangu, huduma zifungulieni akaunti zao, msizipe majina yenu. Na ukitumwa kulitoa jina la mtu, ulizia kwanza nani huwa anakuja kulisoma. Mimi sikuuliza, na yule mama akafiwa mara mbili.