Spika ya Kushoto

Luhaga alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha kuchambua pamba. Wanunuzi binafsi walipoingia, chama cha ushirika kikaishiwa nguvu, na mwaka tisini na sita kiwanda kikafungwa. Akarudi nyumbani kwake Butimba na sanduku la spana na mazoea ya kuzungumza kwa sauti ya juu. Hakulalamika. Alifuga kuku, akatengeneza pasi na redio za majirani. Mwaka uliofuata, shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi lilifunga ofisi yake mjini na kuuza vifaa, naye akanunua kompyuta.

Mkewe Odeta, mwalimu wa shule ya msingi, alidhani wanafungua ofisi ya kuchapa barua. Kumbe Luhaga alitaka muziki. Siku ya mauzo alimwona karani akitumbukiza sidii ndani ya mashine ile, gitaa likatoka safi, bila ule mkwaruzo wa kaseti aliouzoea maisha yake yote.

Nyumbani mambo hayakuwa hivyo. Vispika vya plastiki vilivyokuja na kompyuta vilitoa sauti nyembamba, kama mtu anayesemea ndani ya kopo. Luhaga akaviweka kando, akaunganisha kompyuta na amplifaya yake ya zamani, kisha akachonga makasha mawili ya mninga, akafunga humo spika kubwa na kujaza pamba pembeni ili mbao zisitetemeke. Besi ikapatikana, lakini nyuma yake kukawa na mvumo usiokoma, na kila aliposogeza mausi, spika zililia kama mbu.

Akamwita Josephat, fundi wa kompyuta wa mjini. Josephat alifungua mashine, akahamisha kadi ya sauti mbali na kasha la umeme, akatenganisha nyaya za sauti na za umeme zilizokuwa zimelala pamoja sakafuni. Mvumo ukafa. Luhaga alikaa kwenye kiti chake katikati ya spika mbili, akasikiliza wimbo mzima.

"Ya kushoto iko chini," alisema mwishoni.

Josephat akazibadilisha spika nafasi. Ya kushoto bado ilikuwa chini. Akabadilisha nyaya, kisha akaleta amplifaya nyingine. Hali ilikuwa ile ile.

"Mzee, mimi nazisikia sawasawa."

"Basi hujui kazi," Luhaga akamwambia. Josephat akakusanya bisibisi zake, akaaga kwa heshima na kuondoka.

Wiki tatu Luhaga alihangaika peke yake. Alisogeza makasha, akatundika blanketi ukutani, akafumua na kulehemu upya kila kiungo. Jumamosi moja mchana, Odeta akiwa anasahihisha madaftari mezani, alimtazama akiinama mbele ya ile spika kwa mara ya kumi.

"Baba Kashindye," alisema, "hebu geuza kiti. Kaa ukitazama mlango, spika ziwe mgongoni."

"Ili iweje?"

"Wewe geuza tu."

Akageuza, akakaa. Wimbo ulikuwa ule ule, na hakuna aliyegusa waya. Sasa spika iliyofifia ilikuwa ile nyingine, ile aliyokuwa akiisifu kwa wiki tatu. Alipandisha mkono taratibu, akaziba sikio la kulia. Chumba kikazama, kama mtu aliyeingiza kichwa ziwani.

Odeta aliweka kalamu chini. Kitandani yeye hulala kushoto kwa mumewe.

"Nilikuwa nakuuliza mambo," alisema. "Hunijibu. Nilidhani tangu kiwanda kifungwe umeamua kunyamaza."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

Luhaga akagusa sikio la kushoto. Kiwandani meza yake ilikuwa pembeni mwa mashine kubwa, na mashine ilikuwa kushoto kwake.

Daktari alimweleza bila kumficha: sikio la kushoto limeumizwa na kelele na halitarudi, la kulia nalo limeguswa, alitunze. Kutoka hospitali Luhaga alipitia kwa Josephat.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Spika zilikuwa nzima. Nilikukosea."

Josephat alimwambia kuna njia ya kuchanganya sauti, pande zote mbili zitoe kitu kimoja, asikose chochote. Luhaga alifikiri, akakataa. Alisema aliyerekodi alikuwa na sababu ya kumweka kila mtu mahali pake, huyu kushoto, yule kulia.

Odeta alihamia upande wa kulia wa kitanda. Siku za kwanza walikuwa wakigongana, kila mmoja akitafuta nafasi yake ya zamani. Yale maswali ya miaka miwili hakuyarudia yote. Mengine yalikuwa yamepitwa na wakati, mengine aliyauliza jikoni, polepole, na akajibiwa.

Jumapili baada ya ibada sasa huvuta kiti chake karibu na cha mumewe. Luhaga huweka sidii, hufumba macho, kisha huuliza, "Kushoto kuna nini?"

"Ngoja," Odeta humwambia. "Kuna gitaa dogo. Limeanza sasa hivi. Na kuna mtu kama anacheka."

"Anacheka?"

"Kwa mbali. Rudisha nyuma nisikie vizuri."