Gemu Niliyoimaliza Kibondo, Ikanishinda Kasulu

Siku ile ya Kasulu naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya kicheko. Wapo wanaoukumbuka ujana wao kwa njaa. Mimi naukumbuka kwa kicheko cha ukoo mzima wa watu niliotaka wawe wakwe zangu, nami nimekaa katikati yao, nimeshika kimashine cha kijivu, jasho linanitiririka. Juzi ulipokuja kuchaji simu uliniuliza, mzee, lipi bora, kucheza gemu za zamani ndani ya simu au kuitafuta mashine yenyewe ya enzi zile? Nikakuambia subiri. Leo nina nafasi, na uji uko motoni, basi keti.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa karani katika chuo kidogo cha ufundi pale Kibondo. Mimi mtu wa kijiji cha Kitahana, mtoto wa wakulima wa maharage, na chuoni kulikuwa na kompyuta moja tu, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama sahani ya mgeni. Jenereta likiwashwa, mwenye ruhusa ya kuigusa ni mimi. Usiniulize nilivyojiona.

Fundi mmoja aliyetoka Dar kuja kuitengeneza aliniachia disketi. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuifanya kompyuta ijifanye mashine ya gemu ya mkononi, ile ya Kijapani yenye kioo cha kijani, na gemu yake imo humo humo. Kijana mdogo anaruka mashimo, anaingia mapangoni, mwisho anapambana na zimwi. Wenzangu wakienda kula, mimi naruka mashimo. Kompyuta yetu ilikuwa imechoka, gemu ikaenda mwendo wa kinyonga, nami nikadhani ndio mwendo wake. Tena programu ile ilikuwa na huruma ya ajabu. Ukifika mahali pagumu unabonyeza kitufe, inakuwekea nafasi yako. Ukifa unarudi palepale, kana kwamba hukufa. Nilikufa sana, mwanangu. Lakini nilifika kwa zimwi, nikalimaliza, na kuanzia hapo nikawa sisemeki.

Wakati huo nilikuwa nampenda Jenoveva. Nilimjua kwaya yao ilipokuja kuimba Kibondo, na nilimpenda kweli, mpaka nikakosea hesabu za chuo. Kwao ni Kasulu, upande wa njia ya Makere. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, wakapata uraia, wakalima, wakauza ndizi. Baba yake, Mzee Bonifasi, alitaka kabla mtu hajaleta posa aje kwanza aonekane. Kwa watu wetu, kuonekana si kutazamwa sura. Unakalishwa, unapewa neno, na wazee wanasikiliza utakavyolijibu. Jenoveva alinionya mapema: "Baba hana shida na maskini. Mwenye mdomo wa majigambo ndiye anayerudishwa njiani."

Nikaitikia, kisha nikasahau. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilipofika walinipokea vizuri mno. Amahoro, amahoro, karibu mgeni, kiti hiki hapa. Uani nikamkuta Onesmo, kaka yake Jenoveva, kainamia kitu mikononi. Moyo ukaruka. Ilikuwa ile mashine, yenyewe hasa! Aliipata kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa Mkongo mmoja, wakabadilishana na redio. Onesmo akalalamika kwamba gemu yake inamshinda kila mara kwenye pango la maji, na kwamba Kasulu nzima hajapatikana wa kulipita.

Ningenyamaza, mwanangu. Ningesema pole. Badala yake nikacheka kwa sauti, wazee wote wakisikia. "Pango la maji? Shemeji, gemu hiyo mimi nimeimaliza yote. Zimwi lenyewe nimelizika."

"Ego, ndiyo!" Onesmo akaruka, akanipa mashine. "Tuonyeshe, shemeji!"

Watoto wakaja, majirani wakaja, Jenoveva akasimama mlangoni akitabasamu kwa fahari. Mzee Bonifasi akasogeza kiti. Nikabonyeza. Kijana wangu akakimbia kama aliyefukuzwa na nyuki! Vidole vyangu vilizoea kinyonga. Nilipotaka kuruka, yeye alishatumbukia. Shimo la kwanza. Nikarudia, shimo lilelile. Mara ya tatu nikaruka mapema kwa woga, nikamtia shimoni kwa kichwa, na gemu ikaisha. Hata nusu ya pango la kwanza sikufika.

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Bibi mmoja alifuta machozi kwa kanga. Ningecheka nao yangeisha, lakini aibu ilinipanda nikatia chumvi kwenye kidonda. Nikasema jua linaingia kwenye kioo. Nikasema betri zimekwisha. Mwishowe nikasema, "Mashine hii ni mbovu, ina haraka."

Kicheko kikakatika. Nimeitukana mali ya mwenyeji wangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Jenoveva akageuka akaingia jikoni, na tabasamu lake akaondoka nalo. Niliona posa yangu ikiondoka naye.

Mzee Bonifasi akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo gemu uliimalizia wapi?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaeleza yote, kompyuta ya chuo, mwendo wake, na kile kitufe cha kuwekewa nafasi.

Onesmo akakunja uso. "Kwa hiyo hukufika kwa zimwi. Ulipelekwa."

Mzee akamnyamazisha kwa mkono. "Mimi kwetu nilikuwa mpiga ngoma," akasema. "Mtoto hagusi ngoma ya wakubwa. Nilijifunzia kwenye dumu la mafuta, miaka. Dumu lilinifundisha mapigo yote. Siku nilipopewa ngoma yenyewe, mkono ulivimba nikalia, maana ngozi inarudisha fimbo kwa namna ambayo dumu haliijui. Silidharau dumu, mwana. Bila dumu nisingejua pa kuanzia. Lakini sikuwahi kusimama uwanjani nikawaambia watu nimeshapiga ngoma."

Kisha akauliza kama mtu anayeulizia mvua: "Sasa dumu lako lilikufundisha nini?"

Nikafikiri. "Njia, baba. Njia zote nazijua. Kwenye pango la maji watu hukimbilia kulia, kule kuna kifo. Kushoto kuna ukuta unaoonekana mzima, kumbe unapitika."

Onesmo akasahau hasira. Betri zilikuwa zimechoka kweli (hapo sikudanganya), akazitoa akazianika juu ya bati zipate joto, nasi tukala ugali wa muhogo na samaki wa migebuka. Baadaye tukakaa benchi moja, yeye na mikono yake, mimi na njia zangu. Kushoto, shemeji. Usiruke bado. Sasa! Ukuta ukampitisha, na kelele alizopiga zilileta watu kutoka barabarani.

Tulifika kwa zimwi kioo kikianza kufifia. Onesmo alikuwa na roho moja tu iliyobaki. Akanisukumia mashine. "Chukua wewe, shemeji! Wewe ulishalipiga!"

Nakiri nilitamani. Jenoveva alikuwa amerudi mlangoni, na pale palikuwa na nafasi ya kufuta aibu yote. Lakini nikairudisha. "Hapana. Mwendo wa mashine hii siujui. Piga wewe, mimi nitakuambia linapoinama."

Likainama, nikamwambia, akalipiga. Zimwi likafa. Onesmo alinibeba mgongoni akanizungusha uani, na Jenoveva akapiga vigelegele kama harusi imeshaanza.

Mzee Bonifasi hakushangilia. Aliinuka, akanishika bega. "Asubuhi alikuja mtu simjui," akasema. "Huyu aliyekataa mashine sasa hivi, mwambie alete wazee wake."

Basi, mwanangu, jibu lako ni hilo. Cheza kwenye simu yako bila haya. Ya kuiga inakufunza njia, inakuruhusu kukosea kwa bei nafuu, na mashine nyingi za zamani zimekufa, bila hizo za kuiga gemu zake zingezikwa nazo. Na ukiipata mashine yenyewe, ishike kwa heshima, maana ina uzito na haraka ambayo simu haikuonyeshi. Ila usikae mbele za watu ukauza dumu kwa jina la ngoma. Ukiulizwa ulijifunzia wapi, taja palepale. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo, na kusema "hiki sikijui" nacho ni kitendo, tena kizito. Mimi kilinipa mke.

Mungu akupe vidole vyepesi na mdomo wa kweli. Na siku utakaposhindwa, maana utashindwa tu, akujalie ushindwe mbele ya watu watakaokucheka, kisha wakusogezee sahani.