Chipu Moja, Watu Wanne

Jumatatu, kwa fundi wa kompyuta hapa Kasongo, mchimba dhahabu wa Salamabila aliokota mezani chipu kuukuu, akauma mguu mmoja wa chipu hiyo uliong'aa, kama anavyopima dhahabu kwao.

"Papa, uniuzishe hii. Zahabu iko."

Fundi akamnyang'anya, akaipangusa kwa shati. "Siuzishi! Zamani hii ilikuwa ubongo wa mashini ya watu wane, kila mutu na klavye yake ya kuandikia. Ilikuwa inawatumikia kwa zamu, mbio sana, kila mutu anawaza iko peke yake."

Nilicheka peke yangu, pale nilipoketi pembeni. Nilikuwa nimetoka ofisi moja kutafuta cheti. Huko watumishi wanne walinitumikia mimi mmoja, na wote wanne wakaniambia nirudi kesho.